Askari wa Msitu na Miti ya Diko

Alinikamata mara mbili, na mara zote mbili sikuwa na kosa. Naanza na hilo ili anayesoma ajue mapema nimesimama upande gani. Mtu akishazeeka, au akihama, watu huanza kumpaka mafuta: alikuwa mpole, alikuwa na hekima, alitupenda. Huyu hakuwa mpole hata siku moja. Alikuwa mkali, mbishi, mwongo mbele ya wageni, na akishasema neno, hata umlilie miguuni, halirudi nyuma. Lakini nimeishi jirani naye tangu sijaota meno ya pili, na yanayosemwa juu yake siku hizi si kweli, kwa hiyo acha niseme mimi.

Jina lake lipo, na mchungaji alilitaja kila alipomwita asome matangazo kanisani, ila kijijini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Askari. Askari wa msitu. Bunduki sikuwahi kumwona nayo. Alikuwa na fimbo, filimbi, na sweta ya kijani ambayo beji zake zilishabanduliwa zikabaki alama za uzi mabegani. Aliivaa Januari, jua likichoma hata mbuzi wakakosa pa kulala. Miaka mingi aliitumikia hifadhi. Alipostaafu, kambi ya watalii iliyojengwa ng'ambo ya mto ikamchukua kwa kazi mbili: kuongoza wageni, na kutuzuia sisi tusikate kitu msituni. Yeye aliziona ni kazi moja.

Ukitoka Garsen kuufuata mto kwenda juu, upande wa kwetu Hewani, nchi ni kavu, miiba na vumbi, ng'ombe wa wafugaji Waorma wanatafuta nyasi, halafu unaona ukanda wa kijani umeshikana na maji. Huo ndio msitu. Ndani yake wanaishi mbega wekundu, kima ambao wageni wanasema hawapatikani popote pengine duniani. Sisi tunaishi ubavuni mwake, tunalima mpunga, mahindi na ndizi kwenye ardhi ambayo mto huifunika na kuifunua. Sisi pia hatupatikani popote pengine duniani, lakini sijasikia mtu amepanda ndege kuja kuuliza kama tumebaki wangapi.

Na kuna diko. Diko letu ni pale ukingo unapoteremka taratibu, tunapoteka maji, tunafua, tunaogesha watoto. Mamba naye anapajua. Kwa hiyo tangu zamani hupigiliwa miti iliyochongwa ncha, inazama kwenye tope chini ya maji, nusu duara inayoanza ukingoni na kurudi ukingoni, mti ubavuni mwa mti, hata mguu wa mtoto haupenyi. Ndani ya miti unainama na ndoo yako bila kutazama kushoto wala kulia. Nje ya miti, shauri lako. Mafuriko yakija huing'oa yote, na maji yakipungua tunakata mingine msituni. Ilikuwa hivyo hadi kambi ilipokuja. Ugomvi wangu wote na Askari, ukiuvua maneno, ni juu ya miti hiyo.

Niseme kwanza juu ya uongo wake, maana alikuwa hodari.

Wageni walitoka Malindi na magari marefu, wakapita Garsen bila kushuka, wakafika kwetu nyusi zao zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Jambo la kwanza waliuliza simba. Kwetu mtoni hakuna simba wa kuonyesha mtu. Lakini Askari hakupenda mgeni aende kwao amenuna. Aliinama ukingoni, akagusa ardhi kwa kidole, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha kukata kata kwamba simba dume amepita hapo alfajiri. Wageni wakapiga picha ule unyayo hadi nikaona huruma. Ulikuwa wa mbwa wake mwenyewe, mbwa mwenye upele anayelala jikoni kwa mkewe.

Mimi nilikuwa nafua. Nikasema kwa sauti, "Askari, huyo simba wako leo ameniibia ugali."

Hakugeuka. "Mama Zipora, fua nguo."

Siku nyingine aliwaambia kwamba mbega akifiwa na mama yake hagusi jani mwezi mzima. Mama mmoja mgeni akalia, akatoa leso. Jioni nikamuuliza, "Hilo umelisoma wapi?"

"Sikulisoma. Nimelisema."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Aende kwao amlilie mbega. Akimlilia hatasahau. Wewe ukisema kweli yako nani anakulilia?"

Nilimwachia neno la mwisho siku hiyo, na mimi si mtu wa kuachia. Nilimaliza kidato cha nne, nilikuwa nikizungumza kwenye mijadala shuleni.

Lakini uongo wake ulikuwa na mpaka. Kwanza, mgeni hakukanyaga upande wetu kabla ya kukaribishwa. Mtumbwi ulifika diko, Askari akasimama mbele, akaita, "Hodi wenyewe!" na wote wakangoja, hata mvua ikinyesha, hadi mwanamke mmoja aliyekuwa pale aseme karibuni. Kama hakukuwa na mtu, walingoja hadi apite mtu. Meneja wa kambi alichukia sana jambo hili. Alimwambia mto hauna mlango. Askari akamjibu kwamba hotelini kwake kuna mlango na wageni hubisha hodi chooni, sembuse mahali watu wanapoogea.

Pili, hakuruhusu tupigwe picha kama wanyama. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo nikimnyonyesha Zipora, wakati huo bado mchanga. Mgeni mmoja mwanamume akainua kamera yenye mdomo mrefu. Sikumwona. Nilichoona ni sweta ya kijani imesimama kati yangu na yeye.

"Nipige mimi," Askari akamwambia. "Mimi nalipwa."

Yule mgeni akacheka, akasogea kando. Askari naye akasogea kando. Walikwenda hivyo kama jogoo wawili hadi mkewe yule mgeni akamfokea mumewe kwa lugha yao. Nilipomaliza kunyonyesha nikasema, "Ahsante, mzee." Akaniambia nisikae hapo na kifua wazi saa za wageni. Nikaifuta ahsante yangu palepale. Nikamwambia, "Hili gogo lilikuwa letu kabla kambi haijawa na hata hema." Basi. Ukimpa neno zuri alikurudishia kokoto.

Mkewe alimwelewa kuliko sote, na alimsema kuliko sote. Mama mfupi, sauti kama ya mwalimu mkuu. "Huyu alioa msitu," alituambia tukisuka mikeka. "Mimi alinileta nimpikie tu." Askari alikula amesimama, sahani mkononi, macho kwenye miti ng'ambo. Kofia aliivua kanisani, na aliivua pia alipomwona mbega. Mkewe akasema, "Siku ya harusi hakuivua. Nilimuuliza mchungaji kama ndoa imeshika."

Kulikuwa na tembo la mkindu pia, ile pombe ya kugema. Alipiga marufuku kugema mikindu ya msituni, akavunja vibuyu vya vijana, akavirusha mtoni. Jumamosi mchana ungemkuta nyuma ya nyumba ya fundi baiskeli na kikombe cha bati, macho mekundu, anauliza kama tembo hili limetoka shambani au msituni. "Shambani," wanamwambia. Anakunywa. Wote walijua limetoka msituni. Yeye pia alijua. Lakini alishauliza na alishajibiwa.

Sasa nyani. Mbega hali mahindi yetu, anakula majani na matunda ya porini, hatuna ugomvi naye. Nyani ni mwizi. Msimu wa mahindi kukomaa tunakaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, tunapiga debe na kurusha udongo kwa kombeo mchana kutwa. Nilikuwa juu ya dungu na Zipora mgongoni, nyani jike ameingia safu ya kwanza, nimeshapima kombeo. Askari akatokea njiani.

"Usimpige huyo. Ana mtoto."

"Na mimi nina mtoto!"

"Wako hali mahindi mabichi."

"Atakula nini yakishakomaa kama hayapo?"

Akaniambia nipige kelele, nisirushe. Nilirusha. Haikumpata nyani, ilimpata Askari begani, na sitasema kama nililenga. Wiki hiyohiyo, saa ya watu kwenda kanisani, nilikuwa nimebaki nyumbani na homa. Nikamwona shambani kwake, mbio, sweta imefungwa kiunoni, anawarushia nyani mawe kama kijana na kuwatukana matusi ambayo sijasikia hata stendi ya Garsen. Nikasimama mlangoni nikaita kwa nguvu zangu zote, "Askari! Mkamate huyo mzee anayerusha mawe!"

Akasimama. Akatupa jiwe la mwisho, tena kubwa. Akasema, "Leo niko likizo."

Mara ya kwanza kunikamata nilikuwa msichana wa shule. Tulikwenda kukata makuti machanga ya mikindu ya kusukia mikeka, mimi na wenzangu, maana mikeka ndiyo iliyotununulia sare. Wenzangu walikimbia. Mimi sikukimbia, sikuona sababu. Akanishika mkono akanipeleka hadi kwa mama yangu. Mama akamwambia, "Baba yako mwenyewe alilalia mkeka wa makuti hayo hadi alipofia juu yake." Askari akajibu maneno ambayo baadaye tuliyasikia hadi tukayachoka: "Mimi nikiwa kazini sina jirani." Akanyang'anya makuti. Kesho yake mkewe akatuletea samaki wawili wakubwa bila maelezo. Mama akawapika kwa nazi, akamtukana Askari tangu kitunguu hadi sahani tupu.

Mafuriko ya juzi yalikuwa makubwa. Tulilala kwenye mahema juu ya barabara miezi kadhaa, mimi, watoto wawili sasa, na mama mkwe ambaye kila asubuhi aliyauliza maji yanangoja nini. Mume wangu alikuwa ameshakwenda Malindi kulinda geti la hoteli, na bado yuko huko. Tuliporudi, nyumba zilikuwa na tope hadi madirishani. Nyumba ya Askari ilikuwa imelala yote chini. Na diko lilikuwa wazi. Hakuna mti hata mmoja. Maji tu, ya rangi ya chai, yanapita.

Wazee wakaenda kambini kuomba miti. Meneja akasema msitu umeumia na mafuriko, haukatwi hata fito. Tena akasema ile miti yetu majini haikuwa inawapendeza wageni, wageni wanataka kuona mto ulivyo. Akatuletea tangi jeusi la plastiki. Likapigwa picha, akina mama wakaambiwa wacheke. Hadi leo halijaingia maji, kuku wanataga nyuma yake.

Tukaendelea kuteka diko lililo wazi. Ungefanya nini, ungemwambia mtoto mwenye kiu angoje mkutano? Tukateka kwa zamu, mmoja anainama, mmoja anapiga maji kwa kijiti. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa ndiye anayepiga maji. Mamba hakumjia anayeinama, alimjia yeye. Alimshika mkono wa kushoto. Tulimvuta miguu, wanawake wote waliokuwepo, tunapiga makelele, hadi tukampata. Mkono hatukuupata.

Alirudi kutoka hospitali amekonda lakini mdomo ni uleule. Nilipolia akaniambia, "Nyamaza wee. Umebaki mmoja, wa kukuchapa unatosha."

Siku iliyofuata nikachukua panga la mama mkwe, nikamfunga mdogo mgongoni, nikavuka kwenda msituni mchana kweupe. Sikujificha. Nilikata kwa kelele makusudi. Filimbi ikalia.

"Weka chini," Askari akasema.

"Nimeshaweka. Sasa?"

"Nipe panga."

"Panga ni la mama mkwe. Kalichukue kwake."

Akafikiri. Mama mkwe wangu, hata Askari alimwogopa. Akaliacha panga, akaanza kukusanya miti.

"Mkono wa wifi yangu uko tumboni mwa mamba," nikamwambia, "na wewe unaokota miti?"

"Nikikuachia wewe, kesho watakuja watu na lori na msumeno wa mashine. Watasema mbona yule."

"Mimi ndiye lori?"

"Mama Zipora, mimi nikiwa kazini..."

"Huna jirani. Najua! Basi ukifa tutamwambia mchungaji hatukujui, tulikuwa kazini."

Uso wake ulibadilika, lakini miti aliibeba. Akanifikisha kambini, kwenye baraza ambapo wageni walikuwa wanakunywa chai na keki. Mtoto akalia, nikakaa kitini nikamnyonyesha. Meneja, kijana mwenye viatu safi, akasema ataniachia nikiomba radhi.

"Radhi ya nini?" nikauliza.

"Umekata miti ya msitu uliohifadhiwa."

"Umehifadhiwa kwa nani?"

Askari alikuwa nyuma yangu. Akakohoa. "Mwachie aende. Jua kali, ana mtoto."

"Aombe radhi kwanza."

"Hataomba. Namfahamu tangu mdogo. Utakaa naye hapa hadi Krismasi, na chai yako itakwisha."

Mgeni mmoja anayejua Kiswahili akacheka. Meneja akapunga mkono niondoke. Niliondoka bila kuomba radhi na bila miti. Wiki mbili hazikupita, nikaiona. Miti yangu, niliyoikata mimi, naijua kwa makovu ya panga, ilikuwa imesimamishwa ukingoni upande wao. Wamejenga kibanda cha wageni kukaa na kutazamia ndege. Na aliyeambiwa aibebe kutoka stoo hadi ukingoni alikuwa Askari. Nilimwona akiibeba, mmoja mmoja, begani. Hakutazama upande wetu.

Ndipo tulipoacha kumwitikia. Hatukukaa mkutano wala nini. Alikuja na mtumbwi umejaa wageni, kofia nyeupe, miwani, akasimama mbele kama kawaida yake.

"Hodi wenyewe!"

Tulikuwa wengi. Nilikuwa nasugua sufuria, nikaendelea kusugua. Wifi alikuwa amekaa juu, kwenye majani, na kitenge kimefungwa kwenye bega lisilo na mkono. Hakuna aliyefungua mdomo.

"Hodi."

Mtu akatema mate. Basi. Jua lilikuwa kali. Wageni wakaanza kuulizana. Kutoka ng'ambo meneja akapiga kelele, "Washushe tu, bwana! Unangoja nini?"

Askari akatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwa wifi akakaa hapo muda. Kisha akamgeukia meneja na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kijiji cha Wenje, "Hawajakaribishwa!"

"Ni amri yangu!"

"Basi njoo uwashushe wewe. Uogelee."

Akageuza mtumbwi. Wageni wakarudi bila kumwona mbega hata mmoja, na mimi nilifurahi, naandika hapa kwamba nilifurahi. Kazi yake iliisha wiki hiyo. Alirudi kwenye kibanda cha mabati alichojenga karibu na magofu ya nyumba yake. Watu wakasema sasa ataomba msamaha. Hakuomba. Tukikutana njiani alikuwa wa kwanza kununa.

Sasa nifike mahali ninapotaka.

Shambani kwake Askari alikuwa na miarobaini aliyoipanda yeye, imenyooka, imefikia unene wa boriti. Ilikuwa ya nyumba mpya. Mkewe alishapima vyumba kwa hatua zake, alishatuonyesha pa kuweka jiko. Asubuhi moja tukasikia shoka. Hatukushangaa, tukajua anaanza kujenga. Mchana tukaona boriti zinaburutwa, si kuelekea kiwanjani, kuelekea mtoni. Anaburuta yeye na mkewe, na mkewe anamsema kila hatua. "Nitalala kwenye bati hadi nizikwe! Mbele zaidi! Inua kwako!"

Akazirundika diko. Nikamfuata.

"Hizi za nini?"

"Umesoma hadi kidato cha nne, unauliza boriti ni za nini?"

"Ulininyang'anya zangu."

"Hazikuwa zako. Zilikuwa za msitu. Hizi ni zangu." Akachomeka shoka kwenye gogo. "Na ukikata tena kule, hata kama sina kazi, nitapiga filimbi."

"Na mimi nitakata."

"Haya."

Ndiyo maongezi yetu yote.

Lakini boriti zilikaa pale. Zilikaa juma zima, zimechongwa ncha, zinakauka. Niwaeleze kwa nini, maana ni upumbavu wetu wenyewe. Miti ya diko hupigiliwa na mtu akiwa ndani ya mtumbwi na nyundo ya gogo. Mto unausukuma mti, hausimami wenyewe, lazima mtu mwingine aingie majini, asimame upande wa nje, penye kina, aukumbatie kwa kifua hadi uzame kwenye tope. Na kwetu anayesimama nje ni baba wa mtoto mchanga kuliko wote kijijini, kwa sababu, wanasema, diko ni la huyo mtoto. Mchanga kuliko wote alikuwa wangu. Baba yake alikuwa Malindi, anafungulia magari geti. Nilimpigia. Akasema mwisho wa mwezi. Nikawaambia wanaume waliopo. Huyu akasema si zamu yake, yule akasema mila ni mila. Mwingine akasema tungoje, mwisho wa mwezi si mbali. Wote walikuwa wameona yaliyompata wifi wakaogopa, ndiyo mila yao hiyo. Na sisi tunaendelea kuteka maji bila mti wowote kati yetu na mamba.

Siku ya nane sikungoja. Nilimpa mama mkwe mtoto, nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia. Maji yalifika kifuani. Sitasema sikuogopa. Nikaita, "Nani anapiga nyundo?"

Nikasikia mtu anaingia majini nyuma yangu na kulalamika juu ya goti.

"Toka," Askari akasema. Alikuwa amevaa ile sweta, imeshalowa, imemshuka hadi mapajani.

"Sitoki. Ni zamu ya nyumba yangu."

"Unanyonyesha. Toka, panda mtumbwini, shika nyundo. Una mkono mzito, begani kwangu bado kuna alama."

"Wewe si baba wa mtoto wangu."

"Mshukuru Mungu kwa hilo. Angekuwa na kichwa chako na changu pamoja."

Mama mkwe akacheka juu ya ukingo. Nikapanda mtumbwini. Wifi akakaa mbele ya mtumbwi na rundo la mawe mapajani, anatazama maji, jiwe moja tayari mkononi. Askari akaukumbatia mti wa kwanza, mgongo wake kwa mto wote. Nikapiga. Kila pigo lilimtikisa meno. Alikuwa mzee, jamani. Nilikuwa sijaona hilo kabla, kwenye sweta alionekana mpana. Tulikwenda mti baada ya mti. Alinikosoa muda wote: unapiga upande, unapiga kama mtu anayetwanga pilipili, nyoosha. Nikamwambia anyamaze nisije nikakosea nikampata kichwani. Wanaume walikuwa wamefika, wanashika mtumbwi kwa kamba, wamepata sauti sasa, wanatoa ushauri.

Ukabaki mwanya mmoja, wa mti wa mwisho. Hapo ndipo kila anayesimama nje huingilia. Anapita kwenye mwanya, anakuja ndani, mti wa mwisho unashikiliwa kutoka ndani, na ule mti mmoja haukai sawa, hulegea kila mwaka, sote tunajua ni huo. Wifi alishikwa diko likiwa wazi, lakini mbuzi waliochukuliwa miaka iliyopita walichukuliwa kwa kupitia hapo.

Nikamwambia, "Pita, mzee. Ingia ndani."

Hakupita. Aliuvuta mti wa mwisho, akausimamisha kwenye mwanya kutokea nje, akaukumbatia.

"Piga."

"Utatoka wapi?"

"Nitazunguka."

"Utazunguka wapi? Kuna maji tu huko!"

"Mama Zipora, nachoka. Piga."

Mkewe akalitaja jina lake, lile la kanisani. Mara moja tu. Yeye hakugeuza kichwa. Wifi alisimama mtumbwini na jiwe lake. Na mimi nilipiga. Nilipiga nikilia kwa hasira, kwa mume wangu na geti lake, kwa meneja na tangi lake, kwa wanaume wa kamba na ushauri wao, kwa huyu mzee mwenyewe ambaye hakuweza kufanya jambo moja jema bila kunilazimisha nishiriki. Mti ukazama, ukasimama, haukutikisika. Akaupima kwa bega, akautikisa, akaridhika. Kisha akaanza kuzunguka.

Hakukimbia. Aliifuata miti kwa nje, mkono mmoja unaigusa, maji yapo kifuani, kisha tumboni, sisi wote tunapiga maji kwa makasia na viganja na chochote. Alipotoka alikaa kwenye matope, akavua sweta, akaikamua. Nilimfuata nikamwambia yeye ni mpumbavu. Akasema mti wa tatu kutoka kushoto nimeupiga vibaya.

Siku hizi yuko mjini Hola kwa binti yake, macho yamefifia. Vijana wanaoongoza wageni wanamsimulia kama mzee mtakatifu wa msituni, mkwasi wa upole. Na meneja ametuma ujumbe tena kwamba miti ya diko inaharibu mandhari, itang'olewa kabla ya msimu wa wageni.

Zipora anateka maji mwenyewe sasa, anaimba, ndoo inamzidi, mgongo kwa mto. Kwa hiyo jibu letu ni hili. Hatuing'oi, na hatumkatazi mtu. Anayeitaka aje mchana, tukiwepo. Aingie majini, asimame upande wa nje, aukumbatie mti kwa kifua, aanze kuvuta. Sisi tutakuwa ndani, tunafua.